Skripti ya komedi Dar: prodyuza anataka andiko na episodi ya kwanza, nimpelekee nini na nidai nini?

Kalamu_Mwananyamala

Wakuu salaam. Waliomo kwenye fani ya filamu na tamthilia naomba mwongozo.

Naandika skiti fupi za mtandaoni, dakika mbili tatu. Kuna prodyuza wa hapa Kinondoni ameziona na anataka tamthilia ya komedi aipeleke kwenye chaneli ya king'amuzi. Wazo ni nyumba ya kupanga Mwananyamala, vyumba sita, mita moja ya umeme ya Luku, na kila mpangaji ameshalipa kodi ya miezi sita. Ameomba andiko na skripti ya episodi ya kwanza ya dakika 24. Ikipita, ziwe episodi 13.

Sasa: hilo andiko lina nini ndani? Dakika 24 ni kurasa ngapi? Nifanyeje wazo lisichukuliwe nikaja kuliona kwenye TV limebadilishwa majina? Malipo yanakwendaje? Na je, kuna mtu anaishi kwa kazi hii peke yake hapa Dar au ni kubangaiza tu?

Wajuzi karibuni. Wa kejeli nao karibuni, ila mje na kitu.

---

FundiSini

Mkuu, wazo lako lina kitu ambacho maandiko mengi hayana: watu wanaogombana na hawawezi kuachana. Mtu wa chaneli atakuuliza mapema sana, "Kwa nini hawa wasihame?" Jibu unalo tayari, kila mmoja ameshalipa kodi ya miezi sita na dalali hamrudishii mtu hela. Liweke ukurasa wa kwanza.

Andiko liwe kurasa 8 hadi 12, zisizidi. Wazo lenyewe kwa sentensi mbili. Kisha wahusika wanne au watano wakuu, nusu ukurasa kila mmoja. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanaandika "Juma ni kijana mcheshi, mpenda totozi". Hiyo haimsaidii msomaji. Eleza Juma anataka nini, ana kasoro gani asiyoiona mwenyewe, na inamgonganisha na nani. Mfano, mama mwenye friji la kuuza barafu na juisi, ambaye anaamini kwa moyo wote kwamba umeme unaliwa na pasi za wenzake. Kwenye sentensi hiyo moja kuna episodi tatu. Baada ya wahusika weka muhtasari wa episodi ya kwanza ukurasa mmoja, na hizo 12 nyingine mistari minne hadi sita kila moja. Lile suala la "dhumuni ni kuelimisha jamii" lipe aya moja basi, wengine wanalijazia kurasa tatu.

Kurasa: kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, herufi za Courier ukubwa wa 12, ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Nafasi ya nusu saa kwenye TV ukitoa matangazo inabaki dakika 22 hadi 24. Ila wewe usiandike kurasa 24, andika 19 au 20. Wachekeshaji wetu wengi wamekulia kwenye kujitungia papo kwa papo, ukurasa wako mmoja wataufanya dakika moja na ushei. Ukipeleka kurasa 26 mhariri atakata, na atakachokata ni maandalizi, yaani mistari inayotayarisha kicheko cha mbele, maana akiangalia pale haoni kicheko. Matokeo yake kicheko cha sini (tukio moja la hadithi) ya nane kinakufa kwa sababu mzizi wake wa sini ya pili umebaki kwenye kompyuta.

Ndani ya kurasa hizo 20 weka sini 11 hadi 13. Hadithi kubwa moja yenye sini saba au nane, hadithi ndogo moja yenye sini nne au tano, na zikutane mwishoni, ndogo ndiyo iharibu kubwa. Hadithi tatu kwenye dakika 24 ni vurugu.

Lokesheni zisizidi tano: ua, varanda, vyumba viwili, duka la Mangi hapo nje. Kila unapoandika "NJE – USIKU" umemwandikia prodyuza taa na jenereta, na jenereta lenyewe linaingia kwenye sauti. Sauti ndiyo adui mkubwa Dar. Bodaboda, adhana, gari la matangazo linalopita na spika, na ukikodi nyumba upande wa Kipawa au Vingunguti ongeza ndege zinazoshuka. Tamthilia ya machozi unaweza kuirudia sauti studio. Komedi haivumilii, maana kicheko kinakaa kwenye ile nusu sekunde kabla ya jibu, na ukiingiza sauti upya hiyo nusu sekunde haipatikani tena. Kama kurekodi kunaangukia masika, Machi hadi Mei, usitegemee sini za ua. Hata za ndani zina shida: bati likianza kupigwa na mvua hakuna maiki itakayokuokoa.

Jambo jingine dogo ila linauma. Hapa tunarekodi kwa mkupuo, sini zote za chumba cha mama mwenye friji za episodi nne zinapigwa siku moja. Kwa hiyo juu ya kila sini andika episodi, namba ya sini na siku ya hadithi, kwa mfano EP 4 / SINI 7 / SIKU YA 2. Bila hivyo mtu anaingia na shati jeupe, anatokea mlango wa pili na jezi.

Vichekesho vya maneno usivihangaikie sana. Mchekeshaji mzuri ataleta vyake na vitakuwa bora kuliko vyako. Wewe jenga mtego, yaani hali inayowabana wahusika.

Programu: Trelby ni ya bure na haihitaji bando. WriterDuet ina toleo la bure kama mnaandika wawili. Final Draft ni ya kulipia, usiikimbilie sasa.

---

Binti_Kigamboni

FundiSini amemaliza karibu yote ila hapo mwisho sikubaliani naye kabisa. "Mchekeshaji ataleta vyake" ndiyo imetufikisha kwenye komedi za kupigana vibao na kutukanana. Mtego una misumari, na misumari ni maneno. Ukiachia kila mstari, mtego hauna kinachoushika.

Tumia Luku hiyohiyo. Umeme umekatika, wapangaji wamechanga, Juma amenunua uniti kwa simu. Tokeni ya Luku ina tarakimu 20.

NDANI. VARANDA – USIKU

*Giza. MAMA FRIJI yuko mbele ya mita, kidole tayari. JUMA anasoma simu. Mwanga ni wa simu tu.*

JUMA: Sita, sita, nne, moja.

MAMA FRIJI: Hizo umeshazisoma.

JUMA: Zinajirudia.

MAMA FRIJI: Zijirudie, kwani ni kiitikio?

BABU SELE *(kutoka gizani)*: Someni haraka nyie. Chaji imebaki ngapi?*

JUMA: Mbili.*

*Mlio wa kitufe. Mama Friji amebonyeza. Kimya.*

JUMA: Hiyo ni chaji, mama.*

*Simu inazimika. Giza totoro.*

Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeanguka. Mtazamaji anajua mambo mawili kabla: namba zinasomwa moja moja, na simu inakufa. Yakigongana, anacheka kabla hata Juma hajasema mstari wa mwisho.

Sasa angalia nyota. Mistari mitatu hiyo ni ya lazima, neno kwa neno. Mwigizaji akijibu "asilimia mbili" au "mbili tu babu, tufanye fasta", Mama Friji hana sababu ya kubonyeza na sini imekufa. Mistari mingine mwache acheze anavyotaka, "kiitikio" akipata bora kuliko hiyo aiweke. Ndiyo namna ya kufanya kazi na watu wa kujitungia: weka nyota kwenye misumari, mwambie muongozaji maana yake ukurasa wa kwanza, na zisizidi nyota nne kwa sini. Ukiweka nyota kila mstari hakuna atakayeziheshimu.

Neno la kushtua likae mwisho. "Alileta jeneza kwenye birthday ya mtoto jana kwa kweli" limezama. "Birthday ya mtoto, yeye kaleta jeneza" linafika. Ukikuta mstari unaishia na "yaani", "kwa kweli" au "jamani", futa mkia huo.

Na kama msingi wa kicheko chako ni lafudhi ya Mpemba au Msukuma peke yake, utakauka episodi ya pili. Lafudhi ni nguo, mhusika bado anahitaji mwili.

---

FundiSini

Nyota nakubali. Vibao na matusi sikuvitetea mimi.

---

Karani_wa_Haki

Nijibu upande wa haki na hela, maana hapo ndipo waandishi wanapoumia.

Kwanza, wazo halilindwi na sheria. "Nyumba ya kupanga yenye mita moja" mtu yeyote anaweza kuifanya kesho. Kinacholindwa ni ulivyoiandika: wahusika, mtiririko, mazungumzo. Sheria ni ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura 218, na ulinzi wake unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki inaanza pale unapoandika, bila kusubiri usajili. Ila kasajili andiko na skripti COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sababu ya ushahidi, siku mkivutana swali litakuwa nani alikuwa na nini tarehe ipi. Kwa sababu hiyohiyo tuma kazi kwa barua pepe yenye kiambatanisho cha PDF, hata kama ulishaituma WhatsApp. Simu ikiibwa Kariakoo na ushahidi umekwenda.

Usisimulie episodi zote 13 kikaoni. Simulia ya kwanza, nyingine zisomwe kwenye andiko lenye jina lako kila ukurasa.

Mkataba uwe wa maandishi kabla hujaanza episodi ya pili. Malipo yawe kwa episodi, siyo jumla, maana episodi 13 huwa zinageuka 26 na jumla haigeuki. Gawa kwa awamu tatu: sehemu mkisaini, sehemu ukikabidhi rasimu ya kwanza, iliyobaki rasimu ya mwisho ikikubaliwa. Taja idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, mawili yanatosha, la tatu lilipiwe. Usipoitaja utarekebisha mpaka mvua za vuli. Kuwe na kipengele cha episodi kurudiwa, kuuzwa chaneli nyingine na kupandishwa YouTube, na kipengele cha msimu wa pili, kwamba wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa. Na kama hawajarekodi ndani ya miezi 18 au 24, haki zikurudie.

Kipengele cha kuogopa kuliko vyote: "mwandishi atalipwa chaneli itakapolipa". Mkataba wa prodyuza na chaneli huna, huuoni, huwezi kuusukuma. Kataa, au kubali kwa awamu ya mwisho tu na uweke tarehe ya ukomo.

Jina la kipindi na majina ya wahusika ni mali inayojitegemea. Wazee wa hapa wanakumbuka kundi la Ze Comedy lilipotoka EATV kwenda TBC1 lilivyoonekana kwa jina la Ze Orijino Komedi. Andikeni mapema, jina ni la nani na likihama linahama na nani. Na msidhani ukubwa wa jina unamlinda msanii. Mwaka 2018 mikataba ya mchekeshaji marehemu King Majuto ilifika hadi meza ya wizara, na yule hakuna nyumba Tanzania isiyomjua.

TRA: chukua TIN, namba ya mlipakodi. Kampuni inayokulipa kwa huduma inatakiwa kuzuia asilimia 5. Ukikubaliana laki tatu, utapokea 285,000, na hiyo 15,000 wakupe cheti cha zuio, ni kodi yako uliyoilipa tayari. Wengi wanakatwa na cheti hawadai.

Mwisho, mswada wako utasomwa na Bodi ya Filamu kwenye maombi ya kibali, kwa hiyo usipeleke rasimu yenye matusi ukisema "tutatoa tukirekodi". Sare za polisi na jeshi zina ruhusa zake. Kama askari si wa lazima kwenye hadithi, mfanye mlinzi wa kampuni ya ulinzi ya kubuni. Mara nyingi anachekesha zaidi, maana mamlaka hana na anajifanya anayo.

---

Kalamu_Mwananyamala

Wakuu mmenifungua macho. Binti_Kigamboni hiyo ya "mbili" nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Ila kuna jipya. Prodyuza anasema zikipita niandike zote 13 mwenyewe ndani ya wiki sita ili warekodi kabla ya masika. Inawezekana?

---

Mzee_wa_Rasimu

Kuandika inawezekana. Kuandika komedi, hapana.

Piga hesabu. Episodi moja: muhtasari siku mbili, mtiririko wa sini siku mbili, rasimu ya kwanza siku nne, marekebisho mawili siku mbili. Siku 10 za kazi. Mara 13 ni siku 130, yaani wiki 26 kwa mtu mmoja asiyeugua wala kwenda msibani. Mkiwa watatu inashuka hadi wiki tisa, na wiki moja au mbili za mwandishi mkuu kupitia zote ili Mama Friji wa episodi ya 3 asiongee tofauti na wa episodi ya 11.

Wenzetu wamelipanga hili mapema. Uingereza sitikomu (komedi za TV za wahusika walewale) nyingi msimu wake ni episodi sita tu, ndiyo maana mtu mmoja au wawili wanaweza kuandika zote. Marekani, makubaliano ya WGA, chama cha waandishi, baada ya mgomo wa 2023 yanataka msimu wa episodi 13 au zaidi uwe na waandishi wasiopungua sita, isipokuwa pale mtu mmoja ameajiriwa aandike zote. Kule kuna ngazi pia, unaanza mwandishi wa kawaida wa chumba, unapanda vyeo vya uhariri wa hadithi, kisha vya uprodyuza, hadi anayeshika usukani wa tamthilia nzima. Hapa ngazi hiyo haipo, na kwa sababu haipo unaweza kuiomba. Mwambie prodyuza unataka cheo cha mwandishi mkuu, jina lako kwenye utambulisho wa kila episodi, na wasaidizi wawili. Yeye asilipe zaidi ya bei ya episodi, ila bei iwe inayogawanyika kwa watu.

Akigoma, mpe njia ya pili: wiki sita, watu watatu, episodi sita, zikionekana zinapendwa mnaendelea. Chaneli haipendi hivyo sana, lakini haipendi zaidi episodi ya 9 ambayo wahusika wanarudia ugomvi wa episodi ya 2.

Mnavyofanya kazi: siku tatu za kwanza hakuna kuandika. Kaeni, vunjeni hadithi zote kwenye kadi, kadi moja sini moja, rangi moja kwa hadithi kubwa na nyingine kwa ndogo. Bandikeni ukutani. Ukuta utawaonyesha episodi tatu mfululizo zinazoanza na kodi. Kisha gawaneni, kila mtu achukue asizoziogopa. Majina ya faili yawe na episodi, rasimu na tarehe. Kwenye kundi la WhatsApp faili liitwalo "skripti final final" limeshasababisha mwigizaji aje na mistari ya mtu aliyefutwa.

Kuhusu kuishi kwa kazi hii: kwa tamthilia moja, hapana. Wanaoweza wanachanganya. Matangazo ya redio ndiyo yanalipa haraka kwa kurasa chache, sekunde 30 ni maneno 55 hadi 65 ya Kiswahili na ukizidisha mtangazaji anakimbia. Michezo ya redio ya miradi ya afya na kilimo inalipa kwa wakati kuliko TV, ila ujiandae kuchekesha chini ya usimamizi wa daktari. Skiti usiziache, hizo ndizo zilizokuletea prodyuza. Na filamu ndefu ya komedi, kurasa 85 hadi 95, andika moja uiweke kabatini, kwa sababu siku mtu akiwa na pesa anataka kitu kilichokwisha.

Ukitaka shule, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na chuo cha sanaa TaSUBa kiko Bagamoyo.

---

Kalamu_Mwananyamala

Njia ya pili nimeipenda. Ijumaa namwona. Nikimpelekea skripti ya kwanza sasa hivi ni mapema?

---

Binti_Kigamboni

Isome kwa sauti kwanza. Tafuta watu watano, wawili wasiwe wa fani, muuza chipsi anatosha, na wewe usisome nafasi yoyote. Kaa pembeni na nakala yako na saa. Weka alama wanapocheka na alama nyingine wanaposhika simu. Ukiona ukurasa mzima hauna alama ya kwanza na si ukurasa wa maandalizi, sini hiyo inaingia ndani ya nyingine au inatoka. Usiwaelezee utani hata mmoja, na msomaji akikosea mstari akachekesha, andika alivyokosea.